Balambala: kati ya mpira na kitabu kuna hesabu mbovu

Juni 2025 nilisafiri hadi Balambala, katika Kaunti ya Garissa, kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa huko kwa mazoezi ya kufundisha. Yeye ni mzaliwa wa huko, na hiyo ndiyo sababu alikubali kwenda; wenzake wengi hulisikia jina la Garissa wakaanza kutafuta shule nyingine. Ukiuacha mji wa Garissa na kuufuata Mto Tana kuelekea juu, unapita Sankuri, kisha unabaki na mchanga, miiba na vumbi, na kushoto kwako ule mstari wa kijani unaokuonyesha mto ulipo.

Shule niliyoiendea sitaitaja jina, kwa kuwa nitakayoyasema juu yake yangeweza kusemwa juu ya shule nyingi nyingine za sehemu hizo. Langoni niliona uwanja wenye goli moja. Nguzo za goli la pili, niliambiwa, zilichukuliwa kushikilia paa la jikoni baada ya upepo kuling'oa. Katika chumba cha walimu nilikuta kikao cha bodi kikiendelea, na kwa ukarimu wa watu wa huko sikuombwa kusubiri nje. Nililetewa chai ya maziwa, nikapewa kiti, nikasikiliza.

Ubishi ulikuwa juu ya fedha. Mgao wa serikali ulikuwa umefika pungufu, madeni ya chakula na maji yalikuwa yamekwisha kuumega, na kilichobaki hakikutosha mambo mawili. Ama alipwe kijana aliyeajiriwa na bodi kufundisha Hisabati, ama likodiwe gari la kuipeleka timu ya kandanda Garissa kwenye mashindano. Najua kwamba kisheria fungu la michezo halifai kuguswa kwa shughuli nyingine. Wazee nao walilijua jambo hilo, ila walijua pia kwamba kijana wa Hisabati alikuwa na miezi miwili bila mshahara.

"Maalim," mzee mmoja alimwambia mwalimu wa michezo, "mtoto wangu nilimtoa kwa ngamia nikamleta kwa kitabu. Sikumtoa kwa ngamia nimlete kwa mpira."

Mwalimu akajibu kwa adabu: "Mzee, katika vijana hao wamo ambao hawajawahi kuuona mji wa Garissa. Hii ndiyo safari yao."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni yupi kati ya wawili hao aliyekuwa na haki. Jibu nililolifikia ni kwamba wote wawili walikuwa wakigombania kitu ambacho hakikupaswa kuwa haba kiasi kile, na kwamba swali lenyewe waliletewa na mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa lugha, wala si mhasibu, kwa hivyo msomaji aniwie radhi nikianzia penye ujuzi wangu. Kiswahili chetu kimewapa wazee wale hoja bila ya wao kujua. Neno mchezo tumelitwika mizigo mingi mno. Kandanda ni mchezo, tamthilia ni mchezo, na jambo lisilo na maana ni mchezo vilevile. Tukitaka kusema kwamba jambo ni zito, twasema si mchezo. Anayeipuuza kazi anaichezea. Basi mwalimu anaposimama mbele ya bodi kuomba fedha za michezo, neno lenyewe limekwisha kumshinda nusu kabla hajafika kwenye hoja. Kisomali nacho hakimwokoi: ciyaar ni mchezo wa uwanjani, na ni ngoma ya harusini pia.

Hata hivyo, tunalo neno jingine, riadha, tulilolipokea kutoka Kiarabu. Katika lugha hiyo riyadha ni mazoezi ya mwili, na mzizi wake unahusu kumfunza na kumtiisha mnyama, kama vile farasi. Kutokana na mzizi uo huo Waarabu wameunda neno riyadhiyati, nalo maana yake ni hisabati. Nililitaja jambo hili wakati wa chai, na ustadhi aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akacheka, akawathibitishia wenzake kwamba ni kweli. Kwa muda mfupi kikao kizima kilitabasamu: kile walichokuwa wakikigombania kumbe katika lugha ya chuoni kinatoka shina moja. Lakini asili ya neno haimlipi mtu mshahara, na kikao kikaendelea.

Tuiangalie basi hesabu yenyewe. Tangu 2018 serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa. Ndani yake, shilingi 1,500 ni za michezo na shughuli zinazoambatana nayo. Kwa kuisikia tu, mtu atasema huo ni usawa mtupu, kwani mtoto wa Balambala na mtoto wa Nairobi wamepimiwa kwa kibaba kimoja. Lakini chukua shule yenye wanafunzi 1,500 katika mji mkubwa. Fungu lake la michezo ni shilingi 2,250,000, na wapinzani wake wako umbali wa safari moja ya matatu. Chukua sasa shule ya wanafunzi 160 katika nchi kavu. Fungu lake ni shilingi 240,000, na mashindano ya eneo lake yanazikusanya kaunti tatu, Garissa, Wajir na Mandera, ambazo kutoka upande mmoja hadi wa pili ni safari ya mamia ya kilomita. Mgao huhesabu vichwa, hauhesabu kilomita. Mpira mmoja una bei ileile, mwanafunzi awe mmoja au elfu moja, na gari likikodiwa hukodiwa zima.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, na wale walioufanya wakaingia Kidato cha Kwanza 2024. Baada yao hapakuwa na Kidato cha Kwanza tena. Wanafunzi wa mtaala mpya walibaki katika sekondari msingi hadi Gredi ya 9, kwa hivyo mwaka wote wa 2025 shule za upili zilikuwa na madarasa matatu tu badala ya manne. Januari 2026 Gredi ya 10 ilianza, lakini Kidato cha Pili hakikuwako, na madarasa yakawa matatu vilevile. Hivyo ndivyo itakavyokuwa siku zote, maana sekondari pevu ni ya miaka mitatu. Ile shule yangu ya mfano yenye wanafunzi 160 imekuwa ya 120, na fungu lake la michezo limeshuka hadi shilingi 180,000. Barabara ya kwenda Garissa haikupungua hata hatua moja.

Na hizo ni hesabu za karatasini. Mwezi mmoja baada ya safari yangu, Julai 2025, Waziri wa Fedha Bw John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kilichokuwa kikimfikia kila mwanafunzi kilikuwa kama shilingi 16,900. Kauli hiyo ilizua kelele nyingi, na serikali ikajibu kwamba elimu ya bure haijafutwa. Naam, haijafutwa. Lakini kati ya 22,244 na 16,900 mna pengo la shilingi 5,344, nalo pengo hilo lazima liingie mahali. Katika shule kubwa ambayo wazazi wake wana mishahara, litazibwa kwa michango. Katika Balambala, mahali ambapo utajiri wa mzazi hutembea kwa miguu minne na hufa mvua ikikosa, kama ilivyokosa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, litaziba kwa kumkata mtu mshahara au kuing'oa nguzo ya goli.

Hili la kupimia watu wote kibaba kimoja lina historia yake. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ule uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha za maendeleo ziwekwe pale ambapo zingezaa haraka, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Kaskazini ilikuwa vitani wakati huo, na hata baada ya vita ikabaki chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Katiba ya 2010 ilijaribu kurekebisha mambo kwa kuanzisha Hazina ya Usawazishaji katika Kifungu cha 204, lakini ukisoma orodha ya huduma zilizotajwa humo utaona maji, barabara, afya na umeme. Shule hazikutajwa kwa jina. Sidai kwamba walioandika walikusudia mabaya. Nasema tu kwamba aliyeachwa nyuma miaka 50, ukimpa leo sawa na mwenzake, umemwacha palepale alipokuwa.

Narudi kwa yule mzee wa ngamia, kwa sababu naona waandishi wa magazeti hupenda kumdhihaki mtu kama yeye kuwa hajui thamani ya michezo. Anaijua. Ila anajua pia jambo lililotokea Novemba 2014, pale walimu waliokuwa wakisafiri kutoka Mandera kwenda likizo waliposhushwa basini na kuuawa pamoja na abiria wengine; wote waliokufa walikuwa 28. Anajua la tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Anajua la Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, katika kaunti yake mwenyewe, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha wengi wasiokuwa wenyeji. Siwalaumu waliohama, mimi nami ningehama. Lakini madarasa yaliyobaki bila walimu hayakuhama. Mzazi aliyeyaona hayo, akimpata kijana mmoja anayeweza kufundisha Hisabati na aliye tayari kulala Balambala, atamshika kwa mikono miwili na kuuacha mpira ubingirike. Ningekuwa mjumbe wa bodi ile, siku ile, ningepiga kura upande wake.

Walakini ningependa kwanza kuuliza swali ambalo halikuulizwa kikaoni. Fedha za michezo hununua nini hasa? Nilipodadisi niliona kwamba karibu zote hununua safari: ada za mashindano, gari, chakula na malazi. Wanaosafiri ni vijana wasiozidi 20. Waliosalia, wasichana wote wakiwamo, hawapati hata mpira wa kuugusa. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimeandikwa katika ratiba ukutani, na kimekaliwa na somo jingine, sawasawa na kilivyokaliwa nilipokuwa mwanafunzi wa 8-4-4 miaka ya 1990. (Kwetu kilikuwa kipindi cha kumalizia silabasi ya Kemia. Sijui Kemia hiyo ilikwenda wapi.) Basi yule mzee na yule mwalimu hawakuwa wakichagua kati ya kitabu na mpira. Walikuwa wakichagua kati ya mwalimu wa wanafunzi wote na safari ya vijana wachache. Ukiliweka swali hivyo, mpira hauna njia ya kushinda.

Wapo watakaonikumbusha Iten. Nami napenda kuikumbuka, lakini niikumbuke ilivyokuwa. Bruda Colm O'Connell aliwasili katika Shule ya St Patrick's 1976 kutoka Ireland, na kazi yake ilikuwa kufundisha Jiografia. Hakuwa mkufunzi wa riadha. Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul 1988, alipitia katika shule hiyo, na baadaye David Rudisha akanolewa na Bruda huyohuyo. Watu husema siri ni milima na hewa yake. Yamkini. Ila nionavyo mimi, siri kubwa zaidi ni kwamba mwalimu alifika akakaa, mwaka baada ya mwaka, akawatazama watoto wakikimbia kwenye njia ya udongo. Jambo hilo halikuhitaji bajeti kubwa. Lilihitaji mwalimu asiyeondoka, na hicho ndicho hasa kinachokosekana Balambala darasani na uwanjani kwa pamoja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na jamaa zetu wa Garissa. Mo Farah, aliyeshinda dhahabu za mita 5,000 na 10,000 katika Olimpiki za 2012 na 2016, alizaliwa katika ardhi ya Wasomali na kupelekwa London akiwa mtoto. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba aliingizwa Uingereza kwa jina lisilo lake, akatumikishwa katika nyumba ya watu, na kwamba mtu aliyemfungulia moyo alikuwa mwalimu wake wa mazoezi ya viungo, Alan Watkinson. Mwalimu huyo ndiye aliyewaarifu maafisa wa ustawi wa jamii, na mtoto akaokolewa. Wasimuliaji wengi hukazania zile medali. Mimi hukazania lile sikio. Mtoto asiyejua lugha ya darasani vizuri, na anayeona haya kuinua mkono kwa sababu hiyo, huonekana kwanza uwanjani. Katika darasa nililolikagua walikuwamo watoto wanaozungumza Kisomali nyumbani, na wengine wa jamii ya Wamunyoyaya wa kandokando ya Tana, ambao lugha yao ni ndugu ya Kioromo. Wote walikuwa wakifundishwa kwa Kiingereza, na kusikia Kiswahili mara moja kwa siku. Nani atamjua msichana ambaye ndoa yake imekwisha kupangwa, ikiwa mahali pekee anapoonekana ni dawati la nyuma, akiwa kimya?

Na kwa kuwa nimewataja wasichana, niseme wazi kwamba safari za mashindano huwaacha nje kuliko jambo lolote. Mzazi wa Balambala hatamruhusu binti yake kulala mji wa mbali na timu, na sioni kwamba ni ujinga kukataa. Lakini mzazi huyohuyo hana neno binti akicheza mpira wa wavu ndani ya ua wa shule, na mwalimu wa kike akisimamia. Mavazi si kisingizio tena, kwani tangu 2014 sheria za kandanda duniani zimeruhusu wachezaji kujifunika kichwa. Kinachotakiwa ni ua, wavu, mipira kadhaa na kipindi kisichoporwa.

Sasa mtaala mpya umeligeuza jambo hili lote, na wengi hawajatanabahi. Katika sekondari pevu mwanafunzi huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Yaani ule mpira wa yule mzee sasa ni kitabu. Una walimu wake, silabasi yake na mtihani wake. Lakini shule isiyokuwa na vifaa wala walimu haiwezi kufungua mikondo yote mitatu, na si vigumu kukisia upi unaoachwa kwanza. Mtoto wa Balambala mwenye miguu ya kukimbia atakuwa na hiari ya kuondoka kwao akasome mbali, ikiwa mzazi anaweza, au kusoma kilichopo. Kwa hivyo bodi inayoamua leo kwamba fedha za michezo ni za safari tu inaamua pia ni somo gani litakalofundishwa shuleni pake kesho.

Ninapendekeza nini? Kwanza, Wizara ya Elimu iache kugawa fungu la michezo kwa vichwa peke yake. Kila shule ipewe kiasi cha msingi kisichotegemea idadi, kisha vichwa na umbali vihesabiwe juu yake. Hesabu hiyo si ngumu. Karani wa kaunti ndogo aliye na ramani ataimaliza kwa siku moja. Pili, mashindano ya mwanzo yafanywe baina ya shule jirani, na wachache watakaofuzu kwenda mbali zaidi walipiwe safari na ngazi inayowaita, wala si shule inayowatoa. Tatu, Chuo cha Ualimu cha Garissa na Chuo Kikuu cha Garissa viwape wenyeji sababu ya kuunganisha masomo, ili mwalimu mmoja aweze kufundisha Hisabati asubuhi na kusimamia mazoezi ya viungo jioni. Mwenyeji huyo ndiye atakayelala Balambala.

Nakiri kwamba pendekezo la pili linanisumbua. Mwalimu wa michezo alinisindikiza hadi langoni, akaniambia kwamba nikiziondoa safari nitakuwa nimewafungia vijana mlango wa pekee wanaoujua. Yeye mwenyewe, alisema, aliuona mji kwa mara ya kwanza akiwa mlinda lango wa timu ya shule, na siku hiyo ndipo alipoamua kuwa mwalimu. Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sinalo hadi leo.

Siku ile bodi iliamua kumlipa kijana wa Hisabati, na timu haikwenda Garissa. Kijana huyo alifundisha hadi mwisho wa muhula, kisha akapata kazi mjini akaondoka. Mwanafunzi wangu alifaulu mazoezi yake, na huniandikia mara kwa mara. Katika barua yake ya karibuni ananiambia kwamba sasa wasichana huingia uwanjani baada ya alasiri, kipindi kimoja kwa wiki, jua likianza kupungua makali. Goli la pili halijarudishwa. Wanacheza kwa lile moja, timu zote mbili zikishambulia upande uleule.